Maswali ya Wasomaji: Maikrosimenti Mbele ya Chumvi ya Pwani

Maswali ya toleo hili yote yanahusu maikrosimenti: mchanganyiko wa saruji, rezini, unga wa mawe na rangi, unaopakwa kwa mwiko mkono baada ya mkono (mkono ni tabaka moja la kupaka) hadi ufike unene wa milimita 2 au 3, bila viungo kama vya vigae. Tumeyajibu kwa kuzingatia nyumba za Lamu na Malindi, kwa sababu maelekezo yaliyoandikwa kwenye ndoo na mifuko yaliandikiwa nyumba za nchi nyingine na hewa nyingine.

Asalaam aleikum. Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu, ni ya mawe na chokaa tangu enzi za wazee. Ukuta wa chini chokaa inapukutika kila mwaka hadi kimo cha kiuno, na hutoa unga mweupe. Kijana mmoja ametushauri tubandue chokaa tuweke maikrosimenti, eti maji hayatapita tena. Tumsikilize?

Waalaikumu salamu, mama. Hapana. Ukuta huo msiuwekee maikrosimenti, wala lipu ya saruji.

Mawe ya matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na maji hayo hupanda pamoja na chumvi. Chokaa ina vitundu vidogo mno vinavyoyaruhusu maji kutoka usoni mwa ukuta yakiwa mvuke. Chumvi haiwezi kuwa mvuke, kwa hiyo hubaki pale pale, huganda, na ikiganda huzisukuma chembe za chokaa. Unga mweupe mnaoufagia ni chumvi hiyo. Hewa ya bahari huongeza kazi: unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, chumvi huunyonya na kuyeyuka, unyevu ukishuka mchana, chumvi huganda upya. Ukuta wa Lamu unaweza kupitia hali hiyo siku baada ya siku, na kila mara chokaa hupasuka kidogo. Chokaa inaumia ili jiwe lisiumie, na ndiyo kazi yake.

Maikrosimenti haitumiki bila sila juu yake, yaani mpako wa mwisho wa kuulinda uso, na sila ya poliurethani huziba vitundu. Maji yakizibiwa uso hayarudi ardhini. Hupanda juu zaidi, na unyevu uliokuwa kiunoni mtaukuta begani. Au chumvi itaganda nyuma ya maikrosimenti na kuisukuma hadi itoke mapande mapana, pamoja na chokaa ya chini na uso wa jiwe.

Anzeni kwa kutafuta maji yanatoka wapi: mtaro uliopasuka, birika la choo, bomba linalovuja ndani ya ukuta, au udongo wa nje ulioinuka kuliko sakafu ya ndani. Mkishatengeneza hilo, toeni chokaa iliyooza hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Kwangueni viungo vya mawe kina cha sentimita 2, na chumvi ipigwe brashi ikiwa kavu. Msiioshe kwa maji, kwani mtairudisha ndani. Acheni ukuta wazi wiki kadhaa ukauke. Kisha pigeni lipu ya chokaa iliyolowekwa na kuiva, kipimo 1 cha chokaa kwa 3 za mchanga uliooshwa hadi chumvi itoke, kila mkono usizidi milimita 10. Lowesheni ukuta kabla ya kila mkono, na kazi ikingwe jua na upepo, inyunyiziwe maji siku kadhaa, maana chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni polepole, na ikikauka haraka hubaki unga. Mkono wa mwisho uwe niru nyembamba ya chokaa, yaani lipu laini ya kumalizia, ikandamizwe kwa mwiko hadi ing'ae. Mkitaka ile rangi ya kijivu ya maikrosimenti, rangi ya oksidi ya chuma huchanganywa ndani ya niru yenyewe na haiungui na ukali wa chokaa.

Ukuta huo utahitaji kuguswa tena baada ya miaka. Kuziba niru ni kazi ndogo, jiwe lililoliwa na chumvi ni hasara isiyorudi. Na kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, ulizeni ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kubandua chochote. Chini ya chokaa ya zamani wakati mwingine hutokea nakshi na zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizozibwa.

Je, ghorofa ya juu ya nyumba kama hiyo? Sakafu yetu imelazwa juu ya boriti za mikoko.

Boriti hupinda kidogo kila mtu anapopita, na chokaa nzito iliyo juu yake huifuata bila kulalamika sana. Maikrosimenti ya milimita 3 haifuati. Itaonyesha nyufa nyembamba zilizo sambamba na boriti, mojamoja, hata ukiweka wavu wa faibaglasi ndani yake. Kwa sakafu ya boriti tumia chokaa. Maikrosimenti ingoje slabu ya zege.

Niko Barani, Malindi. Nyumba ni ya mawe ya timbo, sebule ni mita 4 kwa 5, sakafu ya saruji nyekundu tuliyoisugua nta miaka mingi. Nataka kuifanya mwenyewe kwa maikrosimenti. Nianzie wapi, ninunue kiasi gani?

Ndugu, sakafu hiyo inafaa, ila adui yako wa kwanza ni nta. Dondosha matone ya maji sehemu mbalimbali. Yakikaa duara bila kunyonywa, nta bado ipo, na praima, ule mpako wa kwanza wa kushikisha, haitashika. Sabuni haitoshi. Kodisha grainda yenye kikombe cha almasi na mashine ya kufyonza vumbi, ukwangue hadi uone mchanga wa skridi (tabaka la saruji na mchanga lililo juu ya slabu), kisha rudia matone: safari hii yanyonywe ndani ya dakika chache. Vaa barakoa ya vumbi laini, si kitambaa, kwani vumbi la saruji lina silika inayoharibu mapafu.

Adui wa pili ni unyevu. Bandika kipande cha nailoni nusu mita kwa nusu mita, pande zote nne zishikwe na utepe, ukiache siku nzima. Ukikibandua ukakuta matone au sakafu imekuwa nyeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Pengine hapakuwekwa nailoni chini ya slabu. Hapo kwanza unahitaji kizuizi cha epoksi, na ukikosa fedha ya kizuizi, ahirisha kazi yote. Ukiwa na kipima unyevu, kisomo kiwe chini ya asilimia 4. Skridi mpya ingoje siku 28 angalau.

Tatu, gonga sakafu nzima kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama pana uwazi chini yake, skridi imeachana na slabu. Pabomoe upajaze upya. Ufa uliotulia unapanuliwa kwa grainda na kujazwa epoksi. Viungo vya upanuzi, yaani mapengo yaliyoachwa makusudi ili slabu itanuke na kusinyaa, haviguswi, na tutavirudia.

Kwa mita za mraba 20, bidhaa nyingi zinahitaji kiasi hiki, lakini soma mfuko wako: maikrosimenti ya msingi, ile yenye chembe nene, hula kama kilo 1 kwa mita ya mraba kwa mkono, mikono miwili ni kilo 40, na ukiongeza asilimia 10 ya kupotea nunua 44. Ile laini ya kumalizia hula kama gramu 400, hivyo mikono miwili ni kilo 16, nunua 18. Praima lita 2 hadi 3. Wavu wa faibaglasi mita za mraba 22, kwa kuwa vipande hupandana sentimita 5. Sila ya poliurethani ya sehemu mbili, A na B, zinazochanganywa wakati wa kupaka, lita 3 hadi 4. Vyote vya rangi moja vinunuliwe siku moja, na namba ya toleo kwenye mifuko ifanane.

Kazi yenyewe huenda hivi. Siku ya kwanza ni praima kwa rola, wavu ulazwe, na mkono wa kwanza wa msingi upigwe kwa mwiko bapa wa chuma hadi uumeze wavu. Ukikauka, usugue kwa msasa namba 40 kuondoa miinuko, fyonza vumbi, piga mkono wa pili, kisha namba 80. Siku ya pili ni mikono miwili ya laini, na kati yake msasa namba 120, mwishoni 220. Mwiko ushikwe kwa pembe ya chini na mkono uende upinde, upande huu na ule, maana mistari iliyonyooka hubaki ikionekana hata baada ya sila. Ukichagua nyeupe au rangi ya mchanga, tumia mwiko wa plastiki kwa mikono ya laini: chuma kikisuguliwa sana juu ya saruji inayoshika huacha michirizi myeusi isiyotoka kwa msasa.

Maji yapimwe kwa jagi lenye alama. Ndoo moja ikizidi maji kidogo, rangi yake hukauka ikiwa nyepesi kuliko jirani yake. Rangi ya unga nayo ipimwe kwa mizani. Koroga kwa drili ya mwendo wa polepole, maana drili ya kasi hupuliza hewa, nayo hutoka baadaye ikiwa vitundu. Ipumzishe dakika 5, koroga tena. Koroga kiasi cha kutumia nusu saa tu. Mchanganyiko ulioanza kushika hauongezwi maji.

Hali ya hewa ya Malindi ndiyo inayowashinda wengi. Katika kaskazi, Januari hadi mwanzo wa Machi, hewa ni kavu kiasi, lakini upepo na joto hukausha mkono ukiwa bado mwikoni. Anza saa kumi na mbili asubuhi, funga madirisha ya upande wa upepo, ziba jua kwa shuka, na ukifika saa nne sakafu imechemka, acha hadi alasiri. Mei, mvua za masika zinaponyesha kwa nguvu, kinyume chake: mkono unaosemwa kukauka kwa saa 6 unaweza kuchukua siku, na mwenye haraka hufungia maji chini ya sila. Kama una uhuru wa kuchagua, chagua Februari.

Baada ya mkono wa mwisho ngoja siku moja hadi mbili, kisha sila. Tembea kwa soksi baada ya siku moja, rudisha viti vyepesi baada ya siku tatu, makochi na mazulia baada ya wiki.

Msalani kwetu Shela, Lamu, kuna vigae vya zamani vizima. Tunaweza kupaka juu yake bila kuvunja? Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi kidogo.

Mnaweza, ikiwa vigae vimeshika. Vigongwe kimoja kimoja, na kinacholia kama kina uwazi chini yake kitolewe na pengo lijazwe. Osheni mafuta na ukungu, kwangueni mng'ao kwa grainda, mpake praima maalumu ya sehemu zisizonyonya, yenye mchanga wa silika ndani yake. Mistari ya grauti, ile iliyo kati ya vigae, ijazwe kwanza isawazike na kigae, iachwe ikauke, ndipo wavu na mikono ya msingi. Mkiruka hatua ya grauti, miezi michache baadaye mistari ya vigae itajichora upya kwenye sakafu yenu.

Maikrosimenti si kizuia maji, hata muuzaji akiapa. Katika eneo la kuogea weka utando wa kuzuia maji mikono miwili, wa pili ukipakwa kwa kukatiza mwelekeo wa ule wa kwanza, na utepe wa utando kwenye kona zote na kuzunguka tundu la maji. Angalieni mteremko kabla ya lolote: sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tunduni. Vigae vyenye dimbwi vitazaa maikrosimenti yenye dimbwi, na maji yanayotuama ndiyo huila sila mapema kuliko miguu. Mkono wa mwisho wa sila sakafuni utiwe unga wa kuzuia utelezi. Msioge humo kabla ya siku 7, na 14 ni bora zaidi hewa ikiwa nzito.

Kuhusu maji: ya kisima chenye chumvi yasitumike kukorogea. Chumvi huingia ndani ya saruji na kutoka baadaye usoni ikiwa madoa meupe. Twaeni maji matamu ya kunywa. Kilo 50 za unga hazihitaji zaidi ya lita ishirini na kitu, kwa hiyo gharama si kisingizio.

Na mzigo unaovushwa kutoka Mokowe kwa boti, kisha kwa punda, ufungwe ndani ya nailoni na usikae kwenye unyevu wa chini ya boti. Mfuko ulioshika madonge yasiyovunjika kwa vidole urudishwe dukani.

Tuna nyumba ya wageni Malindi. Fundi alimaliza sakafu mwezi Mei. Sasa kuna mawingu meupe kama maziwa, vipovu vidogo karibu na mlango, na ufa mmoja ulionyooka katikati ya ukumbi. Anasema ni makosa ya bidhaa.

Kwa maelezo yako, bwana, bidhaa haina hatia. Ni mambo matatu tofauti.

Mawingu ya maziwa ni maji yaliyofungiwa: sila ilipakwa kabla mikono ya chini haijakauka. Kipima unyevu kingeonyesha zaidi ya asilimia 5. Wingu jepesi huweza kupotea lenyewe katika wiki chache za hewa kavu, hivyo ngoja kwanza. Likibaki, sila isuguliwe yote katika eneo hilo hadi kwenye maikrosimenti, ipakwe upya wakati wa ukame. Kupaka sila nyingine juu ya wingu hulifanya la kudumu.

Vipovu vinatokana na sila ya sehemu mbili iliyopakwa nene katika hewa yenye unyevu. Kigandishi chake hukutana na maji na kutoa gesi ya kaboni, gesi hukosa pa kupita na kuganda ndani. Karibu na mlango ndiko upepo wa bahari uliingilia. Sugua, paka mikono miwili myembamba kwa rola ya nywele fupi badala ya mmoja mzito, na pima sehemu A na B kwa mizani, usikisie kwa jicho.

Ufa ulionyooka ni kiungo cha upanuzi kilichofukiwa. Slabu bado inapumua pale pale, na hakuna wavu unaoizuia. Ukate kwa diski upana wa milimita 3 hadi 4 kufuata mstari wa chini, ujaze silanti (jazo linalonyumbuka) laini ya poliurethani ya rangi iliyokaribia. Utaonekana mstari mwembamba uliopangwa, wala hautapanuka ovyo. Fundi huyo anaweza kurekebisha yote matatu bila kuvunja sakafu. Mpe nafasi, lakini si kabla ya mvua kwisha.

Bei imenishinda. Nimeona watu wakichanganya saruji nyeupe, unga wa marumaru na gundi ya mbao. Inafaa?

Kwa meza ndogo au ukuta wa mapambo, sawa. Kwa sakafu, hapana. Gundi nyeupe ya mbao hulainika inapolowa, na sakafu hupigwa deki. Saruji nyeupe tupu iliyopakwa nyembamba hupoteza maji yake kabla haijashika, ikapasuka mithili ya utando wa buibui. Bidhaa halisi ina rezini ya akriliki isiyoyeyuka tena ikishakauka, na chembe zilizopangwa ukubwa ili zikae bila nafasi kati yake.

Ukiwa na fedha kidogo, dada, mtafute fundi mzuri wa niru hapo pwani akutengenezee sakafu ya saruji nyeupe iliyokandamizwa vizuri juu ya skridi mbichi bado, iwe mwili mmoja nayo. Tunaiheshimu zaidi kuliko maikrosimenti iliyolipuliwa. Mchanga uwe wa mto kama ule wa Sabaki, uliooshwa, kamwe usiwe wa ufuoni.

Harusi ilituachia doa la hina kwenye sakafu ya maikrosimenti, na mafuta ya tui jikoni. Vinatokaje?

Hina ikifutwa papo hapo kwa maji na sabuni laini hutoka. Ikishalala usiku imezama ndani ya sila, na hapo ni kusugua kwa msasa wa 220 eneo hilo na kurudisha sila. Usimwagie dawa ya klorini wala ya choo yenye asidi. Klorini hubadili rangi, asidi huila saruji yenyewe, na doa la hina litageuka kuwa shimo. Mafuta ya tui ambayo sila imeyazuia hutoka kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu. Yakiwa yameacha kivuli cheusi, sila imechakaa pale na muda wa kuipaka upya umefika.

Kinachochakaza sila kuliko vyote huku kwetu ni mchanga wa ufuoni chini ya nyayo. Mkeka mzito mlangoni na ndoo ya kuoshea miguu nje huongeza miaka. Kila siku fagia kwanza, ndipo deki.

Baraza ya nje inayopigwa jua, na bwawa la kuogelea, vipi?

Baraza inawezekana ikiwa sila imeandikwa wazi kuwa ni ya nje na haigeuki njano kwa jua, na ikiwa baraza ina mteremko. Rangi nyeusi au kijivu kizito iepukwe: hupata joto kali adhuhuri, hutanuka na kusinyaa kuliko nyepesi. Bwawa lina maikrosimenti yake maalumu na fundi wake maalumu. Hii ya sebuleni usiizamishe majini.